Seji imekuwa mti: nikate wapi?

Swali: Asalaam aleikum, ami. Mimi niko Langoni, Lamu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nikipika katika nyumba moja huko Malindi, na mwenye nyumba, mama wa Kiitaliano, alipoondoka aliniachia mche wa seji, yale majani ya kutia ladha chakulani, kwenye kopo. Nikaja nao Lamu, nikauhamishia kwenye chungu kikubwa, nikauweka kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba. Sasa umekuwa mti. Umenipita magoti, umelala upande mmoja, chini ni vijiti vitupu vya kahawia na majani yako nchani tu. Mume wangu asema niukate wote uchipue upya kama mwasumini. Mimi naogopa. Nikate wapi, na nitauzuiaje usizidi hapo?

Jibu: Waalaikum salaam, mwanangu. Mwambie mumeo aweke mkasi chini kwanza. Mwasumini ukikatwa ukabaki gogo hurudi na mvua ya kwanza, na bila shaka huo ndio aliouzoea. Seji ukiifanyia hivyo hairudi. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuiua moja kwa mkono wangu. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza naanza kazi ya kitalu hapa Malindi, nikaletewa seji kuukuu ya mteja, imetanuka kama mwavuli uliovunjika mbavu. Nikaikata hadi ikabaki kisiki cha urefu wa kidole, nikaenda nyumbani nikijiona fundi. Wiki ya sita nilikuwa bado naimwagilia na kuichungulia. Wiki ya kumi niliing'oa, na mwenyewe nikamlipa kwa mche mwingine.

Ukielewa kwa nini ilikufa, nusu ya swali lako limekwisha. Tazama tawi changa la seji. Majani hukaa mawili mawili, yakitazamana, na katika kwapa la kila jani kuna jicho dogo lililolala. Ncha ya tawi, ikiwa hai, huteremsha kemikali iitwayo oksini, na hiyo ndiyo inayoyalaza macho ya chini. Ukiikata ncha, amri imekatika. Yale macho mawili yaliyo karibu na jeraha huamka pamoja. Tawi moja likawa mawili, mawili yakawa manne. Kwa hiyo mkasi haupunguzi mmea tu, unaujaza pia. Lakini tawi likishazeeka na kuvaa gome, majani yake yakapukutika, macho mengi ya sehemu hiyo hufa. Ukikata hapo hakuna wa kuamshwa. Ndiyo kanuni yenyewe ya seji: kata penye majani, na ukishakata, chini ya jeraha pabaki jozi mbili au tatu za majani mabichi. Usikate kwenye kijiti kitupu, isipokuwa umeona kwa macho yako kichipukizi cha kijivu, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama, kimejitokeza kwenye gome. Hapo waweza kukata juu yake.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha unayo seji ya jikoni, Salvia officinalis. Jani lake ni la kijani chenye ukijivu, refu kidogo, na ukilipitisha kidoleni hukwaruza kama ulimi wa paka. Kwa paka nyinyi watu wa Lamu hamhitaji kufundishwa. Ikiwa jani ni laini, la kijani kibichi, na ukilisugua lanukia nanasi, basi hiyo ni nduguye wa Meksiko. Huyo hupita mita moja bila kuomba ruhusa, na waweza kumfyeka karibu na udongo akarudi. Kwa maelezo yako, vijiti vya kahawia na kulala upande, naamini yako ni ya jikoni.

Kama ni hiyo, basi kimo si ugonjwa. Seji ya kawaida ikiachiwa hufika sentimita 60 hadi 75 na kutanuka kiasi hicho hicho. Iliyopotoka ni sura. Asili yake ni nchi za Mediterania, kwenye vilima vya mawe, jua kali na udongo mwembamba wenye chokaa. Pwani ya Dalmatia, huko Kroatia, yamea yenyewe maweni. Jambo kubwa ni kwamba huko kuna majira ya baridi. Kila mwaka mmea husimama miezi kadhaa, kisha mkulima huukata pale unapoanza kuamka. Kwetu hakuna wa kuusimamisha. Hata usiku wa Julai ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20. Seji ya Pwani hukua Januari, hukua Juni, hukua Oktoba, na kwa sababu haipumziki huwahi kuvaa gome. Maua yenyewe huenda usiyaone kamwe, maana hupenda kupata baridi kwanza. Hivyo ushauri unaousikia wa kuikata mara moja kwa mwaka umetoka kwa watu wenye theluji. Kwetu kazi hiyo hugawanywa mwaka mzima, kidogo kidogo.

Tena umeiweka kiwandani. Kiwanda cha nyumba ya mawe kimezungukwa na kuta ndefu, na jua lenyewe labda laingia saa tano na kuondoka saa nane. Nyumba zile zilijengwa ili jua lisikae ndani; seji haikushauriwa. Mmea unaohitaji jua saa 6 kwa siku, ukipewa tatu, hunyoosha shingo kulitafuta. Nafasi kati ya jozi moja ya majani na nyingine hurefuka, shina hulegea, majani ya chini yasiyopata mwanga huanguka, na mmea mzima huinamia upande wenye nuru. Ndiyo huko kulala kwako. Ipandishe darini, yaani juu ya paa, mahali inapopata jua la tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, na ukuta uikinge na upepo wa kusi unaokuja na chumvi ya bahari. Usiipandishe kwa siku moja. Iweke kwanza penye kivuli cha makuti wiki moja, kisha uisogeze, la sivyo majani yaliyozoea kiwanda yataungua. Na kila Ijumaa, au siku yoyote usiyoisahau, kizungushe chungu robo mzunguko.

Sasa kazi. Umeniuliza wakati mzuri: masika yamepita, hewa imepoa, jua halijawa kali. Ningekuwa wewe ningeanza na watoto kabla ya kumgusa mama. Chukua vipandikizi kumi, kwa kuwa si vyote vitakavyoshika. Chagua ncha changa zisizo na maua, zenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, ukate chini kidogo ya kifundo cha majani. Ondoa majani ya chini, acha jozi mbili au tatu za juu; yakiwa makubwa yapunguze nusu. Vichomeke kwenye mchanga mwingi uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagika, kwenye kivuli chenye mwanga. Usivifunike kwa nailoni kama wanavyoagiza watu wa nchi zenye hewa kavu. Jani la seji lina manyoya, na hewa yetu tayari ni nzito. Ukiongeza mvuke, vitaoza kabla ya Ijumaa ya pili. Wiki ya nne hadi ya sita, vuta kimoja kwa upole. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Hayo makumbi uyaangalie. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la maji chumvi ili yatoe usumba wa kamba yana chumvi hadi ndani. Yaloweke kwenye maji matamu, yamwage, rudia mara tatu. Nimeona mtu akilaumu mche siku nzima kumbe mkosaji ni usumba.

Njia ya pili ni nzuri zaidi kwako, maana mmea umeshajilaza wenyewe, umekufanyia nusu ya kazi. Chukua tawi refu kati ya hayo yaliyoinama. Weka kopo la udongo pembeni ya chungu, na pale ambapo sehemu ya kijani inakutana na ile ya kahawia, likwaruze gome kidogo upande wa chini, ulilaze ndani ya udongo huo, ulibane kwa waya uliokunjwa au kwa jiwe. Ncha ibaki nje, ikitazama juu. Tawi linaendelea kunyonya kwa mama huku likiotesha mizizi yake, kwa hiyo hata ukisahau kumwagilia siku mbili halifi. Baada ya wiki 6 hadi 8 likate upande wa mama. Umepata mche ambao kijiti chake kitupu kimezikwa, na kinachoonekana ni majani matupu. Wengine humfukia mama mwenyewe kwa udongo wa mchanga hadi shingoni, kila tawi likaotesha mizizi. Inafaa, lakini Lamu ningeifanya wakati wa ukame tu. Mvua ikikuta shina limefukiwa, huoza.

Watoto wakishashika, mgeukie mama. Tumia mkasi wa kupogolea, si kisu cha jikoni kinachoponda, na uufute kwa spiriti. Kwanza ondoa vilivyokufa: kijiti kikwaruze kwa ukucha, na kama chini ya gome hakuna kijani, kikate kabisa hadi kwenye shina. Kisha ondoa matawi mawili matatu yanayopishana katikati, hewa ipite. Yaliyobaki yapunguze theluthi tu ya sehemu yenye majani, nusu sentimita juu ya jozi ya majani. Halafu acha. Najua utaiona bado mbaya, na mkono utakuwasha. Acha wiki 5 au 6. Jua la darini likifika mpaka chini, mara nyingi utaona vichipukizi vya kijivu vikitoka kwenye vijiti ulivyodhani vimekufa. Vikitokea, mzunguko wa pili wa kukata ushuke hadi juu yake. Visipotokea, mama amezeeka, na huna hasara.

Kuhusu chungu. Umesema kikubwa, nami nasema ndicho kilichoidekeza. Mizizi yenye nafasi kubwa hulisha matawi makubwa, na udongo mwingi hukaa na maji mengi baada ya kumwagilia. Kwa seji moja unayotaka ibaki ndogo, chungu cha udongo kisichopakwa rangi, chenye mdomo wa sentimita 25 na tundu chini, kinatosha. Usiweke sahani chini yake ikasimama maji. Mche ukishajaza chungu si lazima uuhamishie kwenye kikubwa zaidi. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili utoe, nyoa mizizi ya nje unene wa vidole viwili pande zote kwa kisu kikali, urudishe chungu kile kile na udongo mpya pembeni. Siku hiyo hiyo punguza na majani, ili mizizi iliyobaki isielemewe. Fanya hivyo siku ya mawingu, na ukae nayo kivulini wiki moja.

Udongo uwe nusu wa shamba na nusu mchanga mkubwa au kokoto ndogo. Mchanga wa pwani una chumvi, na vilima vya mchanga vya Shela viacheni. Ndivyo vinavyouhifadhia mji maji matamu. Hapa Malindi mimi hutumia mchanga wa mto, wa Sabaki. Kwenu, ukipata vifusi vya ukuta wa zamani wa matumbawe na chokaa, viponde, changanya konzi mbili. Seji haikasirikii chokaa hata kidogo. Samadi ya punda ipo kila kichochoro bila kuinunua, na hapo ndipo wengi wa Lamu huharibu. Ukiimwaga kwa wingi, hasa ikiwa mbichi, seji hutoa matawi marefu malegevu, majani makubwa yasiyo na harufu. Konzi moja ya samadi iliyokaa miezi mitatu au minne ikawa kama udongo, mara mbili kwa mwaka, basi. Njaa kidogo ndiyo huifanya iwe fupi na kali.

Maji nayo. Ingiza kidole, kikiwa kikavu hadi kiungo cha pili, mwagilia asubuhi, chini ya majani, hadi maji yatoke kwenye tundu. Kisima cha maji ya chumvi usikitumie. Ncha za majani zikiwa kahawia kama zilizochomwa kwa kiberiti, ni chumvi. Mimina maji matamu mengi mara mbili tatu uisafishe. Maji ya mvua uliyoyakinga ni bora kuliko yote. Wadudu wa kawaida ni nzi weupe na utitiri, hukaa chini ya jani. Waoshe kwa maji ya sabuni kidogo, na darini penye upepo hutawaona sana.

Sasa swali lako la pili, la kuizuia isizidi. Mimi hupima kwa mkono. Weka shibiri kwenye udongo, pandisha hadi shibiri mbili, yaani kama sentimita 45. Chochote kinachopita hapo ni cha chungu cha jikoni. Kila wiki mbili pita na vidole, vunja ncha za matawi marefu, jozi mbili za majani kwa mara moja, leo upande huu, kesho upande ule. Wewe ni mpishi. Mavuno yako ndiyo upogoaji wako. Mche mchanga uanze nao mapema, ukiwa na kimo cha sentimita 15 tu ubane ncha, utoe matawi kabla haujapata kiburi. Kosa la kawaida ni kuchuma majani makubwa ya chini na kuacha ncha kwa sababu ni nzuri; hapo unajitengenezea vijiti vitupu mwenyewe.

Mara mbili kwa mwaka ongeza mkono. Machi, kabla ya masika, fungua katikati ya mmea, maana mvua ya Aprili na Mei ikikuta kichaka kilichosongamana, ukungu huingia. Masika yenyewe usikate kitu, ifiche tu chini ya paa isipigwe na mvua mfululizo. Julai au Agosti ndio wakati wa ule upunguzaji wa theluthi. Kaskazi ikishavuma, Januari na Februari, jua ni kali na udongo hukauka upesi. Vunja ncha za kupikia tu, usiivue nguo.

Majani yatakayobaki siku ya kukata yafunge mafungu madogo, yatundike kivulini penye upepo, yasiguse ukuta. Yakikauka hadi yanavunjika, yatie kwenye gudulia. Yule mama wa Kiitaliano bila shaka alikuonyesha kuyakaanga kwenye siagi, akamimina juu ya tambi. Jaribu pia majani manne mabichi kwenye samaki wa kuchoma, ndani ya tumbo lake, pamoja na kitunguu saumu. Kwa chakula haina neno. Lakini usimpe mjamzito chai yake kama dawa, wala usiinywe kwa wingi kila siku, kwa kuwa mafuta yake yana kitu kiitwacho tuyoni, na hicho kikizidi ni sumu.

Hata ukiitunza vizuri, seji ya chunguni hupita ubora wake mwaka wa nne au wa tano. Yako ina mitatu na imeteseka kivulini, ndiyo maana nimekupeleka kwa watoto kwanza. Panda watatu kwenye vyungu vidogo, mmoja mpe jirani ili ukipoteza wako ujue pa kuomba. Na mama akikataa kuchipua, chungu chake kikubwa kikabaki kitupu, kirudishe karibu na mlango, upande mwasumini humo. Huo mumeo aukate apendavyo.